Njia ya Mkato ya Kwashemshi

Chausiku aliupima mlima kwa macho, kisha akampima baba mkwe wake, na vipimo hivyo viwili havikulingana.

Walikuwa Kwashemshi, kambi ya wakata mkonge, barazani kwa Grasiana, mwanamke wa kuja aliyewapa mahali pa kulala. Walikuwa wametoka Mazingara kwa miguu, wakavuka mto kwa daraja la Korogwe, vikapu vitupu. Ulikuwa mwaka wa vita, na upande wote wa Handeni mvua ilikuwa imekosekana misimu miwili mfululizo. Mume wa Chausiku alikuwa Keya, jeshini kwa Mwingereza, katika nchi ambayo hata jina lake hakuliandika. Watoto wao wawili walibaki kwa jirani, Mwaija, wakila ndiga, viazi vya porini vyenye sumu ambavyo sharti vilowekwe mtoni siku kadhaa kabla ya kupikwa. Zilizokwisha kulowekwa zilikuwa chache. Zikiisha, njaa isingengoja nyingine zilowane.

Chakula kilikuwa juu mlimani. Baba mkwe wake, Mzee Semboja, ujanani mwake alichanjiana damu na Msambaa aitwaye Mhina, na tangu siku hiyo njaa ya mmoja ilikuwa deni la mwenzake. Lakini haki hiyo haidaiwi kwa kutuma mtu. Ndiyo sababu mzee mwenye kifua kibovu alikuwa safarini.

"Njia ziko mbili," alisema Grasiana akichochea moto. "Hii ya nyuma ya kambi inapanda kama ngazi. Mwenye miguu anafika kabla ya adhuhuri. Ile ya Magoma inazunguka na bonde, inapanda polepole, hata ng'ombe anapita. Ila mtalala njiani, kwenda na kurudi."

"Tutapanda hii," Semboja akasema.

"Wewe, babu? Kifua kinapiga filimbi umekaa kitako. Huko kwenye mwamba si kitapiga tarumbeta!"

"Mlima huu niliupanda mama yako hajavunja ungo."

"Na mlima uko vilevile. Wewe je?"

Semboja alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Chausiku hakucheka. Njia ya Magoma ilifaa kwa miguu ya mzee, haikufaa kwa ndiga zilizobaki nyumbani. Ya mkato ilikuwa kinyume chake. Tena kulikuwa na jambo ambalo Grasiana, mgeni wa nchi, hakulijua: kwenye ngazi ile mzee angehitaji mkono wa kumshika, na kwa Wazigua mke wa mwana hamgusi baba mkwe.

"Baba," alisema, macho chini, "niruhusu nipande peke yangu. Nimlete yeye kwako. Kushuka ni rahisi."

"Nani kakudanganya? Mhina ni rika langu. Magoti yake hayakuzaliwa jana."

"Watoto hawana siku nyingi, baba."

Mzee alikisukuma kijinga kimoja motoni. "Nenda," akasema.

Asubuhi Chausiku alipanda. Mkonge ulibaki chini, ukungu ukampokea, na mahali pa mwamba alitambaa akishika mizizi. Alipumzika pale tu macho yalipomwia giza.

Alimkuta Mhina migombani, akipukuchua maharage.

"Shikamoo, baba. Mimi ni mke wa mwana wa Semboja, wa Mazingara."

"Marahaba. Wa ngapi? Mwaka huu mlima mzima umejaa watoto wa Semboja. Juzi kaja mmoja akaapa chale ya Semboja iko begani." Alimkazia macho. "Haya, wewe unasema iko wapi?"

"Sijui, baba. Ni mkwe wangu. Nitaionea wapi?"

Mhina aliacha kupukuchua. Mwongo angebahatisha. "Yuko wapi mwenyewe?"

"Kwashemshi. Kifua hakimruhusu kupanda."

Mhina aliinuka. Alimjazia tenga mahindi na maharage, akachukua fimbo yake, wakaanza kushuka. Mzigo ulimsukuma Chausiku mbele. Nyuma yake Mhina aliteremka kwa kitako kila palipokuwa na mteremko mkali, akiwalaani wazee wote wa dunia.

Kwenye mwamba walimkuta Semboja. Alikuwa ameanza kupanda mara tu Chausiku alipopotea ukunguni. Alikaa ukingoni, midomo imekuwa rangi ya majivu, mwili umeinamia bondeni. Chausiku alitua mzigo, akamshika makwapani, akamvuta hadi kwenye ukuta wa jiwe.

"Mwizi wewe," Mhina alisema, akiketi kando yake. "Umefuata maharage yangu."

"Umezeeka vibaya," Semboja akajibu, pumzi ikikatika.

Mhina alisimama, akaita kwa Kisambaa kuelekea ng'ambo ya bonde. Baada ya kitambo sauti za wanaume zikaitika kutoka mbali. Wangekuja na machela. Wangempandisha hadi kwa Mhina, kwa kuwa ndiko kulikokuwa karibu. Wingu lilikuwa limekwisha funika kilele, na mvua ikinyesha mwamba ule haushukiki.

"Nitakaa nawe, baba," Chausiku alisema.

"Ukae unifanyie nini? Mzigo huo si wako, wala si wangu. Nenda."

Chausiku alikitazama kifua kile. Mwaka huo alikuwa ameona watu wengi wakifa, na pumzi za namna ile alizifahamu. Mhina naye alizifahamu. Aliunyanyua mzigo akamtwika bila kumtazama usoni. Chausiku akashuka. Hakugeuka nyuma, kwa kuwa njia ile haimruhusu mwenye mzigo kichwani kugeuza shingo.

Mazingara aliwakuta watoto wamelala mkekani mchana kweupe, mdogo amevimba nyayo. Hakuwapikia ugali. Alipika uji mwepesi, akawapa kijiko baada ya kijiko, maana tumbo lililokaa na njaa laweza kuuawa na shibe.

"Na mzee?" Mwaija aliuliza.

"Yuko kwa Mhina."

"Atarudi lini?"

Chausiku aliupuliza uji hadi ukapoa. "Hatarudi," alisema, akamlisha mdogo.