Rimu Alizotuma Grover

Rimu za gari zilifika kabla ya Krismasi, zimeviringishwa kwenye mablanketi na kushonwa kwa uzi wa jinzi, maana mwanangu Grover ni fundi cherehani huko Buenos Aires na hajui kufunga mzigo bila kuushona. Mume wangu Hilarión aliukata ule uzi taratibu kwa kisu cha kumenyea viazi. Alipofunua blanketi la kwanza na kuona rimu inang'aa kama sufuria mpya, alivua kofia.

"Mama Grover," akaniambia, "huyu mtoto ana wazimu."

Hapo nikajua amefurahi mpaka basi.

Niseme jambo moja ndipo mnielewe. Grover aliondoka nyumbani akiwa amegombana na baba yake. Hilarión alitaka kijana aendeshe teksi kwenye laini yake ya hapa El Alto, kijana akataka cherehani. "Basi nenda kawashonee Waargentina chupi," baba mtu akamwambia. Siku ya safari nilimsindikiza stendi peke yangu. Tangu hapo, miaka minane, maongezi yao ya simu yalikuwa ya hali ya hewa.

"Huko kuna joto?"

"Lipo, baba."

"Haya, ongea na mama yako."

Kwa hiyo zile rimu zilikuwa kitu cha kwanza kilichotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Grover aliposema anakuja kula Karnivali na sisi, atafika Ijumaa jioni, Hilarión aliweka kikombe chake mezani na kusema, "Stendi nitakwenda mimi. Nitakwenda na rimu zake." Akatoka nje kuosha gari ambalo lilikuwa safi.

Tatizo ni kwamba hazikuingia. Bolti zilikubali, tano kwa tano, na nyuma hakukuwa na neno. Lakini za mbele zilizama ndani mno, tairi likagusa shokapu. Ukikata kona unasikia linakwaruza, kama paka anayetaka kufunguliwa mlango. Hilarión akakata kona uani mara nyingi, akijidai hasikii.

"Linakwaruza," nikamwambia.

"Ni jipya. Litazoea."

"Tairi ni lile lile la zamani, mzee. Litazoea nini?"

Akazima gari, akabaki ameshika usukani. "Asijue," akasema. "Kijana ameinama kwenye cherehani miezi mingapi kwa ajili ya hizi. Siwezi kumwambia amekosea. Nilishamwambia amekosea mara moja, ikatosha."

Tukaenda kwa Fundi Zenobio, ambaye ametengeneza gari letu tangu lilipokuja kutoka Japani usukani ukiwa kulia, akauhamishia kushoto yeye mwenyewe. Alilala chini ya gari, akapima kwa kipande cha ubao na vidole, akatoka na jibu.

"Spesa," akasema. "Pete nene ya alumini. Inakaa kati ya habu, pale gurudumu linapofungwa, na rimu, inalisukuma tairi nje, linaachana na shokapu. Ila msinunue kwa macho. Ziwe na bolti zake zenyewe, unene wa milimita ishirini na tano. Zikiwa nyembamba kuliko hapo, bolti za gari zitachomoza na kuinyanyua rimu. Zikiwa nene zaidi, tairi litatoka nje ya madigadi. Na tundu la katikati libane hii pua ya habu kama kofia inavyobana kichwa. Likipwaya, uzito wote utabebwa na bolti."

Nikachukua boksi la tambi, nikakata duara la kadi, nikalipunguza kwa mkasi kidogo kidogo mpaka likawa sawa kabisa na ile pua ya habu. Nimeshona polera zangu, hizi sketi pana za marinda, maisha yote kwa vipande vya kadi, sioni kwa nini gari lisipimwe hivyo hivyo.

Alhamisi tukaenda gulioni, kule juu wanakouza magari na vipande vya magari. Mwenye genge alikuwa mama mwenye meno mawili ya dhahabu, amekaa katikati ya rimu kama kuku anayeatamia.

"Njoo mteja wangu, njoo mzee mtanashati! Chukua hizi za arobaini. Gari lako litapanua kifua kama mcheza ngoma wa Karnivali ya Oruro!"

Hilarión akazishika. Nilimwona anataka. Ana miaka sabini na moja na bado akisikia kifua anavuta tumbo ndani.

"Sisi hatuendi kucheza ngoma," nikasema. "Tunaenda stendi. Tupe za ishirini na tano."

"Mama huyu mkali! Basi chukua hizi nyembamba, zinapachikwa tu, hazina hata bolti za kusumbua."

"Hizo hapana," Hilarión akazinduka. "Bolti za gari zitabaki fupi. Nati itashika ncha tu, kama mtu aning'inie dirishani kwa kucha."

Yule mama akatutolea jozi nyingine. Nikaingiza kadi yangu kwenye tundu. Ikacheza, kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake. Nikazirudisha. Jozi ya pili vivyo hivyo. Mama wa meno ya dhahabu akaanza kuguna, akaniuliza kama nanunua spesa au namtafutia mtu mchumba. Jozi ya tatu kadi ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, ikatulia.

"Huyu ndiye," nikamwambia. Akacheka mpaka akanipa ndizi.

Ijumaa ya Karnivali ni siku ya kubariki sehemu za kazi. Kila karakana inapambwa na kumwagiwa karatasi ndogondogo za rangi, Mama Ardhi ananyweshwa bia kwanza, kisha wanakunywa binadamu. Kwa hiyo Zenobio alituita asubuhi na mapema kabla bia hazijafunguliwa. Akainua gari kwa jeki, akatoa matairi ya mbele, akasugua habu zote mbili kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa. Akafunga spesa ya kulia, akaikaza, akapachika rimu juu yake. Alipotaka kwenda kushoto, mwenye karakana akamwita kwenda kubeba makaa ya uvumba na makreti ya bia.

"Nakuja sasa hivi," akasema. "Msiguse kitu."

Mimi nikatoka kununua kuku. Hilarión akabaki amekaa juu ya ndoo, mbele ya habu iliyo wazi. Niliporudi, Zenobio alikuwa anamalizia nati ya mwisho upande wa kushoto, gari likashushwa, na lilisimama vizuri jamani. Tairi halikugusa popote. Hilarión akalizunguka huku mikono ikiwa nyuma kama mkaguzi.

Tukaenda kulijaribu kwenye barabara kuu. Mtaani lilikwenda kama linateleza. Tulipoongeza mwendo, usukani ukaanza kutetemeka. Mwanzoni kidogo, kisha mpaka mashavu ya Hilarión yakatetemeka nao. Akapunguza mwendo, ukatulia. Akaongeza, ukarudi.

Akalisimamisha gari kando. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Wamemwibia," akasema. "Wamemuuzia mwanangu rimu zilizopinda. Na yeye kazilipia, kazishonea mablanketi."

"Hujui kama zimepinda."

"Mama Grover, nimeendesha gari miaka arobaini."

Hapo simu ikalia. Alikuwa Grover, basi limeshapita mji wa Patacamaya, si mbali tena na kwetu. Nilimwambia tunamsubiri, baba yake yuko njiani. Hilarión aliinamisha kichwa kwenye usukani kama anayesikiliza kama unapumua.

Tukarudi karakana. Moshi wa uvumba kila mahali, karatasi ndogondogo za rangi kwenye mafuta, kwenye spana, kwenye nywele za watu. Zenobio alikuwa ameketi kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, kofia imejaa zile karatasi, bia mkononi.

"Linatetemeka, fundi," nikamwambia.

Akainua bia yake tuione. "Siwezi," akasema. "Nimeshakunywa na Mama Ardhi, na mwenye karakana, na shemeji yake. Mkono wenye bia haukazi nati ya gari la mtu. Lakini mdomo wangu ni mzima. Inueni wenyewe, nitawaambia."

Basi tukainua. Mimi nilisokota polera zangu nikazichomeka kiunoni, nikapiga magoti juu ya gunia. Hilarión akapiga jeki. Wale waliokuwa wakinywa wakatushangilia, mmoja akapiga kelele, "Bibi, ukimaliza hilo njoo kwa langu!" Nikamwambia nina foleni, achukue namba.

"Toeni la kushoto," Zenobio akasema. "Sasa toeni spesa. Mama, pitisha kidole kwenye habu."

Nilipitisha. Chuma kilikuwa baridi na laini, kisha kidole kikakwama kwenye kitu. Nikasogeza uso. Ilikuwa karatasi ya waridi, duara, ndogo kuliko ukucha, imegandishwa na bia iliyokauka. Pembeni yake ya kijani. Chini yake ya njano. Na nyuma ya spesa zimebandikana nyingine, zimeshindiliwa mpaka zimekuwa ngumu kama gome.

"Kuna nini?" Zenobio akauliza.

"Karatasi za baraka."

"Haiwezekani! Nilipiga brashi mimi mwenyewe, niliporudi nikapachika bila hata kutazama!" Akataka kusimama, kiti kikamrudisha. "Hapo kitu kisichozidi ganda la kitunguu kinatosha. Spesa inakaa upande, rimu inakaa upande, na kule ukingoni mwa tairi gari zima linacheza. Nani kamwaga?"

Nilimtazama Hilarión. Alikuwa ameshika spana kwa mikono miwili, kifuani. Mfuko wa koti lake ulikuwa umetuna, na pembeni mwa mfuko palichungulia karatasi moja ya waridi.

Nikaendelea kufuta kidole changu kwenye gunia. Nimeishi na huyu mtu miaka mingi, najua akisukumwa hufunga, akiachwa hufungua.

"Ni mimi," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini ili wanywaji wasisikie. "Watu wote hubariki gari kwa nje. Wanamwagia boneti, wanamwagia matairi, mvua inakuja inaosha. Nikaona hapa pako wazi. Nikasema nikimwaga hapa ndani, pakifungwa, baraka haitatoka. Itakwenda naye kila mahali atakapopanda gari hili." Akaitazama spana. "Siku ile alipoondoka sikumwagia chochote. Hata kikombe cha maji cha kumtakia safari njema sikumwaga nyuma ya basi."

Zenobio akaangalia bia yake. "Mzee," akasema, "mimi ningekuwa mwanao ningependelea lisitetemeke."

"Najua, fundi."

"Basi leteni petroli na msasa laini."

Nilifuta kwa kitambaa chenye petroli, Hilarión akasugua. Kwanza habu, kisha uso wa spesa, huku na huku. Tulifanya kazi vichwa vyetu vikigusana, kofia yangu ikaangukia kwenye mafuta na wala sikuiokota. Nilipopitisha kidole tena hakikukwama. Akapachika spesa, ikaingia kwenye ile pua kwa kubana, mimi nikaishika isilale upande.

"Kaza moja, ruka inayofuata, kaza nyingine," Zenobio akawa anaimba kutoka kitini. "Ruka, kaza! Ukizifuata kwa zamu kama mlevi anayefuata ukuta, itakaa upande. Chukua ile spana inayolia. Ikilia *ka*, acha, usiongeze."

Ikalia *ka*, *ka*, *ka*. Kisha rimu, vivyo hivyo.

"Mkitembea kidogo, msimame mkaze tena," akasema. "Leo leo. Spesa mpya hujikalisha, nati zinalegea. Hilo si la kesho."

Barabara kuu ilitupeleka stendi bila usukani kutikisika hata kidogo. Hilarión aliendesha kwa vidole viwili kunionyesha.

Grover alishuka akiwa amenenepa, ana masharubu ambayo hakunitajia kwenye simu. Alinikumbatia mpaka nikanyanyuka. Kisha akageuka, wakatazamana na baba yake. Hilarión akampa mkono. Grover akaupokea. Hapo wote wawili wakageukia magurudumu, kama watu walioitwa.

"Zimekaa, baba."

"Zimekaa."

"Hazigusi?"

"Zitaguseje?"

Tukapanda. Kijana alikaa nyuma na mizigo. Tulipofika karibu na kona ya waoka mikate, Hilarión akaninong'oneza bila kugeuza kichwa: "Nati." Akanitazama kwa jicho moja, akiomba nimtafutie sababu ya kusimama.

"Simama hapo," nikasema kwa sauti. "Ninunue mkate."

Nikashuka nikaenda kwenye kapu la mwenye mikate. Hilarión akashuka akijinyoosha kama mtu aliyechoka mgongo, akachomoa spana chini ya kiti, akachuchumaa nyuma ya tairi la kushoto. Mlango wa nyuma ukafunguka.

"Unafanya nini, baba?"

"Naangalia upepo."

"Kwa spana?"

Hilarión akaificha spana nyuma ya goti. Grover akachuchumaa kando yake, akapitisha kidole nyuma ya rimu, akaikuta ile pete ya alumini.

"Ni ngapi?"

"Ishirini na tano."

Nilikuwa mbali kidogo lakini niliwasikia vizuri. Kijana akasema, "Nilipima kwenye gari la rafiki yangu, la aina hii hii. Kwa futi yangu ya kushonea. Nikasema zitaingia tu."

"Ungepimaje gari lililo huku wakati wewe uko kule?"

"Ungeniambia, ningetuma nyingine."

"Sikutaka nyingine," Hilarión akasema. "Nilitaka hizi. Nilikuwa nataka kuja kukuchukua na hizi."

Grover akafuta pua kwa mkono wa shati. Kisha akanyoosha kiganja, na baba yake, ambaye hajawahi kumpa mtu spana yake, akampa.

"Naanzia ipi?"

"Yoyote. Halafu unaruka moja."

"Mikate mingapi, mama?" mwenye mikate akaniuliza.

Nikamwambia anichagulie iliyoiva vizuri, na asifanye haraka.