Kisanduku Juu ya Dari

Asegelile alipoitwa kwenye ofisi ya chama cha wakulima wa kakao pale Kyela mjini, alikuta kesi imeshahukumiwa. Kilichobaki ni ushahidi, na huo ndio aliotakiwa kuuleta yeye.

"Mama Jeni, sijakuita utengeneze kompyuta," alisema Meneja Lameck akirudishia mlango. "Kutengenezwa zinatengenezwa kila siku. Nataka uniandikie kwamba kuna mtu anazibadilisha."

Ilikuwa wiki ya pili sasa kompyuta za ofisi zinabadilika setingi za mtandao. Leo ya Doreen, katibu muhtasi, inagoma kufungua mfumo wa maghala. Kesho ya Doreen ni nzima, imegoma ya mizani. Alhamisi iliyopita taarifa za kakao zilichelewa kufika mnadani, na magunia ya wakulima wa Bujonde yakalala ghalani yakisubiri mnada mwingine.

"Walikuja hapa wamelowa mvua," alisema Lameck. "Wakakaa kwenye benchi lile wananitazama tu. Hawakusema neno. Heri wangenitukana."

"Unamshuku nani, Meneja?"

"Abdulwahab."

Abdulwahab alikuwa karani wa mizani, mtu wa miaka thelathini, wa ukoo wenye duka la vitambaa sokoni; babu yao alikuja Kyela kutoka pwani, akapapenda, hakurudi. Aliomba ruhusa ya kwenda kusoma Mbeya, akanyimwa, na yeye na Meneja wakarushiana maneno hadi wakulima waliokuwa nje wakasikia. Siku chache baadaye matatizo yakaanza. Na kila kompyuta ilipogoma, aliyekutwa ameiinamia ni yeye. Juu ya meza palikuwa na barua ya kumwachisha kazi, imeshachapwa na kutiwa saini.

Asegelile aliitazama barua ile, akatazama pembeni. Alikuwa na kibanda chake cha ufundi wa kompyuta mtaa wa Bondeni mwaka wa kumi na tano huu, na nyaya zote za ofisi hii alizitandaza yeye kwa mikono yake.

"Ngoja kwanza niziangalie," alisema. "Mashine haina undugu na mtu."

Alianzia kwa Doreen.

"Mwagonile, mama," Doreen alimsalimu kwa Kinyakyusa, akampisha kiti.

"Hebu niambie, mwanangu. Huwa inagoma wakati gani hasa?"

Doreen alifikiri. "Umeme ukikatika ukarudi. Zikiwaka upya, moja inaamka na wazimu. Wakati mwingine mbili."

"Na ilianza lini?"

"Siku ile radi ilipopiga karibu na soko. Mpaka taa ya mapokezi ilipasuka."

"Abdulwahab huwa anafanya nini hapa?"

Doreen alitupa jicho mlangoni, akapunguza sauti. "Ananisaidia, mama. Anaandika tarakimu fulani, inapona. Ndipo Meneja anamkuta."

Asegelile alifungua setingi. Kweli, tarakimu ziliandikwa kwa mkono. Akamwomba Doreen amwite Abdulwahab, naye akaja akasimama kizingitini, kama mtu ambaye siku hizi hana hakika kama anakaribishwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hizi umeziandika wewe?"

"Mimi. Nilinakili kwenye mashine iliyokuwa nzima, nikabadilisha tarakimu ya mwisho tu zisigongane."

"Meneja ulimwambia?"

"Nilimwambia. Akaniuliza dawa nimeijuaje kama si mimi niliyeuleta ugonjwa."

Asegelile aliigeukia mashine. Alizifuta tarakimu zile, akaiacha mashine ijitafutie anwani yenyewe, kisha akaizima na kuiwasha. Ikaamka na wazimu wake. Anwani iliyopewa haikufanana kabisa na zile alizopanga yeye alipoweka mtandao.

Hapo alielewa nusu ya jambo. Katika ofisi kama ile huwa kuna ruta moja, na kila kompyuta inapowaka huiomba anwani, kama wagonjwa wanavyochukua namba mapokezi. Lakini humu sasa kulikuwa na wagawaji wawili, kila mmoja na namba zake. Kompyuta iliyojibiwa kwanza na wa kweli ilifanya kazi. Iliyowahiwa na yule mwingine ilipelekwa njia isiyotoka popote. Hakukuwa na mkono wa mtu. Palikuwa na kifaa cha pili mahali fulani, kinagawa namba bila kutumwa.

Alichukua anwani ya huyo mgawaji wa pili, akaiandika kwenye kivinjari, akabonyeza.

Ukafunguka ukurasa wa bluu wenye picha ya yangeyange mweupe.

Asegelile aliitambua nembo ile. Vifaa vya waifai vya yangeyange vile hakuna aliyeviuza Kyela isipokuwa yeye. Aliwahi kuleta vitatu tu kutoka Tunduma. Viwili vilikwenda kwenye maduka. Cha tatu alikipandisha yeye mwenyewe juu ya dari, humu, msimu wa mvua uliopita, Lameck alipolalamika kwamba waifai haifiki chumbani kwake. Alikifunga kisigawe namba, kipitishe mtandao tu. Akaahidi angerudi kuchora ramani ya vifaa vyote na kuibandika ukutani. Wiki ile mama yake akaugua huko Matema, akaenda kumuuguza, na ramani ikasahaulika. Radi ilipopiga, kifaa kilipoteza mafunzo yake yote, kikarudi kilivyotoka kiwandani: mgawaji.

"Umeona nini, mama?" Abdulwahab aliuliza.

"Niletee ngazi."

Kule juu kulikuwa na joto na harufu ya popo. Kisanduku kilikuwa palepale, kinawaka taa yake ya kijani. Asegelile alibaki amekitazama kwa muda. Kingeenea kwenye mfuko wake wa vifaa. Angeweza kushuka nacho, akasema ni hitilafu ya umeme, na mashine zote zingepona, na pasingekuwa na mtu wa kumuuliza. Ila barua ingebaki mezani. Mtu aliyeiandika alitaka mwenye kosa, na asipopewa mwingine angebaki na yule aliyemchagua.

Alichomoa waya, akashuka, akaenda moja kwa moja kwa Meneja, akakiweka kisanduku juu ya barua.

"Aliyeharibu mtandao wako ni mimi," alisema.

Akaeleza yote: radi, ahadi ya ramani, usahaulifu. Lameck alisikiliza amefumba macho.

"Nilikulipia ufundi, Mama Jeni."

"Ndiyo."

"Watu wa Bujonde niliwaambia ni hujuma. Nimetamka mbele yao."

"Basi hao nitakwenda kuwaambia mimi. Alhamisi nitakuwa ghalani. Lakini huyu aliye hapo nje, utamwambia wewe."

Lameck alifumbua macho. Kisha akaivuta barua kutoka chini ya kisanduku, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Alitoka hadi kwa Abdulwahab. Asegelile, aliyebaki chumbani, hakusikia yote, alisikia "nilikosea" mara moja, kwa sauti ya mtu asiyelizoea neno hilo, na baadaye, "hiyo barua ya masomo iandike upya, uilete."

Abdulwahab alipoingia, macho yalikuwa mekundu, na hakuwa anatabasamu.

"Wiki mbili, mama," alimwambia Asegelile. "Wiki mbili nikiingia ofisini watu wanakata maneno. Hata nyumbani walianza kuniuliza."

"Najua. Nisamehe, baba."

Abdulwahab akageukia dirishani. Asegelile naye hakumsukuma. Alitoa karatasi kubwa na kalamu, akapiga magoti sakafuni, akaanza kuchora vyumba: mapokezi, mizani, kwa Meneja. Alipofika kwenye nyaya za ghala alisita, maana kule kulikuwa kumeongezwa mambo.

"Waya wa mizani unapita wapi siku hizi?"

Halafu Abdulwahab akachuchumaa upande wa pili wa karatasi.

"Hapa," alisema, akionyesha kwa kidole. "Unazunguka nyuma ya stoo. Pale kwenye kona kuna kiunganishi, kiandike nacho."

Akakiandika. Kutoka chumba cha pili Doreen alipaza sauti kwamba mfumo umefunguka, anatuma taarifa za mnada.