Ishara Juu ya Paa la Mama Euphrasia

Jumamosi ya kwanza ya Novemba mwaka 1951, saa nane mchana, mafundi watatu walipanda juu ya nyumba ya Mama Euphrasia hapa Shinyanga mjini kuziba tundu moja la paa. Waliposhuka matundu yalikuwa manne. Mpaka hapo hakuna aliyeshangaa, maana mjini sote tuliwajua.

Kwanza, hawakuwa mafundi. Hatibu alikuwa mwasha taa za ishara pale stesheni; kazi yake ilikuwa kupanda ngazi na kibuyu cha mafuta kila jioni. Theonest alikuwa mpima mizani kwenye bohari la pamba. Wa tatu alikuwa Bashiri, mshona nguo, mtu wa maneno mengi na nyundo ya kuazima. Bashiri ndiye mimi ninayesimulia, lakini kwa yale aliyoyafanya naona afadhali nimtaje kwa jina, kama mtu niliyewahi kukutana naye tu.

Walichopenda duniani ni reli. Kila Jumamosi walikaa kwenye benchi la stesheni na daftari, wakaandika gari limeingia saa ngapi, lina mabehewa mangapi, na ishara ipi imeinama. Hakuna aliyewatuma. Chiku, mke wa Hatibu, aliwahi kuuliza daftari hilo lina faida gani, akajibiwa kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu. Wakitoka stesheni walitengeneza nyumba za watu bure, na hata kwa bei hiyo watu walikuwa wameanza kuwaficha ngazi.

Mama Euphrasia hakuificha ya kwake. Mumewe, Kalisti, alikwenda mwaka 1948 kufanya kazi katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, kule Rwamgasa. Mwezi wa tano ikaja karatasi: mfanyakazi huyo ametoroka kazini. Wenzake sita walikuwa wametoroka siku hiyohiyo, saa hiyohiyo, wote wakiwa chini ya ardhi. Mama Euphrasia aliisoma karatasi mara mbili, akaitazama baiskeli mpya ya mumewe ukutani, akajua kwamba mume wake amekufa. Siku ya pili alimpelekea Bashiri kitambaa cheusi cha gauni la msiba.

Gauni halikushonwa. Mama mkwe wake kutoka Didia alikuja mbiombio kuzuia matanga. "Mwanangu mzima," alisema. "Kakimbia mapishi yako." Padre naye alisikitika, lakini hakuweza kumwombea marehemu mtu ambaye kitabu cha mgodi kinasema anatembea. Kitambaa kikabaki kwenye rafu ya Bashiri miaka mitatu, na Mama Euphrasia akabaki si mke wa mtu wala si mjane.

"Sitaki kitu kingine, shemeji," alimwambia Bashiri kila wakikutana sokoni. "Wabadilishe neno moja tu kwenye kitabu chao. Waandike amekufa. Nimlilie, nimalize."

Sasa turudi kwenye paa. Nguzo ya katikati ya nyumba ilikuwa imeliwa na mchwa, na Hatibu alikuwa na dawa: nguzo kuukuu ya ishara, chuma kitupu, iliyotupwa nyuma ya stesheni baada ya mpya kuletwa. Stesheni masta alimruhusu aichukue, akafurahi kuondolewa takataka. Theonest alipima kimo cha nyumba kwa mkono wake, akapata mikono minane. Hatibu akapima chuma kwa mkono wake, akapata minane vilevile. Theonest ni mfupi wa kukaa chini ya meza. Hatibu anawasha taa nyingine bila ngazi. Waliposimamisha nguzo, ikatoboa paa na kutokeza juu, pamoja na ubao wake mwekundu wenye mstari mweupe.

Mtu mwenye akili zake angetafuta msumeno wa chuma. Wao walilikata bati, wakalipanua tundu ili nguzo ikae kwa raha. Halafu wakasema ni dhambi kuacha ubao wa ishara bila kazi, wakautia mafuta, wakaufunga waya, wakateremsha waya hadi kwenye mtungi wa maji, wakaweka wenzo wa kuvutia. Waliuelekeza magharibi kwa sababu mashariki kulikuwa na choo cha jirani. Mama Euphrasia aliwatazama, akauliza kama tundu la mwanzo limezibwa. Wakamwambia wataliangalia wiki ijayo.

Ubao wa ishara ukinyooka maana yake ni simama, ukiinama ni pita. Waliuacha umenyooka. Jumatatu mbuzi wa jirani, wakirudi malishoni kutoka magharibi, walifika kwenye ua wa minyaa wakasimama. Jumanne muuza maziwa alisimama palepale, mguu mmoja chini na mmoja kwenye pedeli, nusu saa nzima, hadi Mama Euphrasia alipotoka na kuvuta wenzo. Alhamisi ikaja mvua ya kwanza ya msimu. Ilifika kwenye minyaa ikasimama, ikawa inanyesha upande wa pili wa ua, huku upande wa huku vumbi limekaa vilevile. Majirani walikuja kwa heshima.

"Mama Euphrasia, shikamoo. Tunaomba mvua yetu."

"Marahaba. Nilikuwa naanua nguo," akasema, akavuta wenzo. Mvua ikapita, na sehemu kubwa ikapitia kwenye yale matundu manne.

Jumamosi mafundi walirudi. Hawakuwa na misumari, lakini Hatibu alikuwa amekuja na bendera ya kijani. Alivuta wenzo kwa mbwembwe, ubao ukainama, na saa kumi na dakika kumi gari moshi likatokea magharibi.

Upande huo hakuna reli. Mtu wa Shinyanga akienda Geita anapanda lori na kula vumbi. Gari lilikuja hivyohivyo, likapita katikati ya shamba la mtama bila kuvunja bua, likafunga breki, pua yake ikaishia kwenye choo cha jirani. Theonest alisema limejitahidi kwa mwendo. Bashiri alifungua daftari akaandika: saa 10.10, mabehewa matatu, kutoka Rwamgasa.

"Mwadila," dereva alisalimia kwa Kisukuma. "Tunaomba maji."

Wanawake wa mtaa walichota madebe kumi na manane, wakilalamika. Wakati injini ikinywa, Kalisti alishuka behewa la pili na blanketi begani. Alikuwa mweupe kwa unga wa mawe kuanzia nyusi hadi kucha, na upande mmoja wa kichwa ulikuwa umebonyea.

Euphrasia, msichana wa miaka tisa, alikwenda mbele akasema shikamoo baba. Baba yake akaitikia marahaba. Mama yake hakusogea.

"Miaka mitatu," alisema.

"Gari haliondoki bila ishara," Kalisti alisema. "Tulikaa ndani tunangoja. Kule hakuna ishara hata moja."

"Ulitoroka?"

"Nitoroke niende wapi? Mwamba ulishuka, tukabaki saba upande wa ndani. Tuligonga siku mbili. Halafu tukasikia wanaziba mdomo wa shimo."

Hapo Mama Euphrasia alilia. Alilia kwa sauti, mikono kichwani, kilio cha miaka mitatu chote, na Kalisti akasimama kando yake na blanketi lake akisema pole, pole mke wangu. Jirani mmoja alileta kiti.

Gari liliondoka, Kalisti akabaki. Jumapili baada ya misa alipanda juu ya paa na nyundo ya Bashiri, akaziba matundu yote manne, na lile la nguzo akalizungushia lami vizuri. Alimaliza kabla ya chakula cha mchana. Mafundi watatu walimshikia ngazi.

Jumatatu asubuhi walikwenda wote kwenye ofisi ya mgodi, chumba kimoja nyuma ya soko. Karani aliitwa Valerian, kijana mpole, shati limepigwa pasi.

"Nimekuja kurekebisha kitabu," Kalisti alisema. "Mmeandika nimetoroka. Nilikufa."

Valerian akauliza namba, akafunua kurasa. "Mia nne na kumi na mbili. Upo. Mtoro. Una uthibitisho?"

Kalisti akainamisha kichwa, akamwonyesha. Valerian alipatazama pale palipobonyea.

"Pole sana, kaka," alisema, na alimaanisha. "Lakini hilo ni jeraha. Kifo kina cheti, na cheti hutolewa mgodini. Mgodini wanasema siku ile hukuwepo."

"Nilikuwepo. Mpaka sasa nipo, chini ya mwamba."

"Kama uko chini ya mwamba, hapa nimesimama na nani?"

Kalisti hakuwa hodari wa kubishana na makarani, hata zamani. Alimgeukia mkewe. Na hapo ndipo Bashiri alipokohoa, kikohozi cha wakili, akasogea mbele na daftari. Usiku kucha alikuwa ameunakili na kuuongezea ukurasa ule kwa wino, kwa mwandiko wa kujionyesha, na wenzake wawili walikuwa wametia sahihi. Walikuwa wamekubaliana njiani kwamba ushahidi wa kitaalamu utamaliza maneno. Hatibu alikuwa amevaa koti.

Valerian akasoma kwa sauti. "'Kalisti, mfanyakazi wa mgodi, ameshuka Shinyanga akitokea Rwamgasa, Jumamosi, saa 10.10. Ana afya ya wastani.' Umeandika wewe, mzee?"

"Ni mimi," Bashiri alisema, kifua mbele.

"Na saa ni sahihi?"

"Saa ya stesheni!" Hatibu alidakia.

"Basi ahsanteni. Miaka mitatu tumesema ametoroka bila shahidi hata mmoja. Bwana mkubwa alikuwa ananisumbua kwa jambo hili." Akachovya kalamu, akaandika chini ya namba mia nne na kumi na mbili: ameonekana Shinyanga, mashahidi watatu. Kisha akakausha wino taratibu, akaeleza kwamba mtoro aliyepatikana hurudishwa kumalizia mkataba. Kalisti alikuwa amebakiza miezi saba.

Theonest alitazama viatu vyake. Mama Euphrasia hakupiga kelele wala hakutukana, na angetukana tungeshukuru.

"Fundi," alimwambia Bashiri. Hakusema shemeji. "Umefanya kazi nzuri."

Jumamosi iliyofuata gari lilikuja kumchukua, likageuza uso magharibi. Hatibu, ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amefikiri, alinong'ona kwamba ubao ukiachwa umenyooka gari haliwezi kuondoka hata mwaka mzima. Mama Euphrasia alikwishaushika wenzo. Alimtazama mumewe.

"Uvute tu," Kalisti alisema. "Ukinizuia hapa watakuandika na wewe, umeficha mtoro. Mtoto atabaki na nani?"

Akauvuta.

Tangu hapo gari huja kila Jumamosi, saa kumi na dakika kumi. Hukaa dakika ishirini injini ikinywa maji. Wanawake wameacha kulalamika. Wanauza karanga na ndizi madirishani. Euphrasia humpangusa baba yake unga wa mawe kwa kanga yenye maji, ingawa hautoki. Mama mkwe huja kutoka Didia na kapu la michembe, vile viazi vya kukaushwa, humpa mwanawe mkono kupitia dirishani, kisha huwageukia watu. "Si niliwaambia?" husema. "Mzima!" Padre ameulizwa tena, akajibu kwamba mtu anayeonekana kila wiki na wauza karanga arobaini hawezi kusomewa misa ya wafu. Na kila Jumatatu Valerian anafungua kitabu, anaandika kwamba namba mia nne na kumi na mbili ametoroka tena kwa dakika ishirini, na mkataba unasogezwa mbele. Ukurasa ulijaa Februari. Ameunganisha mwingine kwa gundi.

Wale mafundi hawatengenezi tena nyumba za watu. Daftari liko chini ya godoro la Bashiri, na sijui kwa nini najificha, ni godoro langu, na mwandiko ule ni wangu.

Siku moja Mama Euphrasia aliingia dukani kwangu. Nilisimama. Hakukaa.

"Kile kitambaa bado kipo?"

"Kipo, shemeji."

"Kishone."

Nilimwambia kushona ni bure, nilikuwa nataka kulia. Akasimama katikati ya duka, akanyoosha mikono pembeni ili nimpime.

"Kwa utepe," alisema. "Si kwa mkono."

Nilimpima kwa utepe, nikarudia mara tatu. Gauni lilimkaa sawasawa. Hulivaa kila Jumamosi, anapokwenda kumpokea mume wake.