Walionuniwa na Mwalimu Mkuu

Saa tisa na nusu alasiri muuguzi alirudi kutoka zamu ya asubuhi, akamkuta mbwa amelala sebuleni kwenye kiti cha mama mkwe wake. Mumewe, mwalimu mkuu, alikuwa mezani akisahihisha madaftari.

"Mama yuko wapi?"

"Bandani."

"Banda gani?"

"La mbwa. Amenikosoa mbele ya wageni." Akafungua daftari jingine.

Muuguzi akatoka uani. Banda lilikuwa lile lile la mbao, kimo chake hakizidi kiuno. Akapiga magoti, akapenyeza mabega, akatokea kwenye korido ndefu yenye taa na milango pande zote. Akakung'uta sare yake, akabisha mlango wa kwanza. Alikuwamo shemeji yake, aliyebishana na kaka yake mwalimu mkuu juu ya mpira miaka minne iliyopita. Alikuwa amenenepa kidogo.

"Shikamoo, shemeji. Mama yuko jikoni, mwisho kule."

Jikoni mama mkwe alikuwa akimenya vitunguu. Pembeni yake mwanamke mrefu alikuwa akipiga pasi shati la buluu la mwalimu mkuu. Muuguzi aliijua sura hiyo kutoka kwenye picha iliyofichwa chini ya droo. Korido haikumshtua, shati ndilo lililomshtua. Miaka yote alidhani ni kazi ya dobi.

"Dada, walisema ulitorokea ng'ambo."

"Nilicheka akiwa anahutubia," alisema mke wa kwanza. "Mwaka wa kumi na moja huu."

"Mbona mlango uko wazi?"

"Uko wazi, ndiyo. Ila bado amenuna." Alisema kama mtu anayesema mvua bado inanyesha.

"Hasira zake huisha, mwanangu," mama mkwe akasema.

"Zimeshamwishia nani?"

Pasi ikatoa mvuke.

Muuguzi akarudi sebuleni.

"Watoe. Leo hii."

Mwalimu mkuu akafunika kalamu yake nyekundu. "Na wewe?" akauliza kwa upole, kama anayeuliza sukari vijiko vingapi.

Muuguzi akakimbilia ukutani kwa jirani, aliyekuwa akianua nguo, akamweleza yote huku akihema. Jirani akasikiliza mpaka mwisho, vibanio mdomoni.

"Kwenu ni bandani?" akasema. "Sisi kwetu ni stoo. Wifi yangu analalamikia joto tu."

Muuguzi hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Akachukua blanketi chumbani, kwa kuwa mama mkwe alikuwa na kifua, akaenda nalo uani. Safari hii hakulazimika kupiga magoti.

"Nimeleta blanketi tu," alisema jikoni. "Sikai."

"Haya," alijibu mke wa kwanza. Alikuwa akikunja shuka pana la kitanda cha mwalimu mkuu, na lilikuwa likimponyoka. "Hebu shika ncha ile, mdogo wangu."

Muuguzi akaweka blanketi chini, akashika.