Pengo la Nyuzi Sitini

Keki ya kwanza ilitoka kwenye oveni Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini, ikiwa imepungua kipande kimoja. Haikuwa imeungua wala kubonyea katikati, kama mwokaji wake alivyoogopa. Iliumuka vizuri, juu ikapata rangi ya kahawia, na upande wa dirishani palikuwa na pengo lililokatwa kwa ustadi, kuta zake mbili zimeiva sawa na sehemu nyingine zote. Ndani ya pengo hilo bati lilikuwa safi, na siagi aliyolipaka ilikuwa bado inang'aa.

Mwokaji alikuwa mpimaji wa maabara hospitalini, na mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, Mpimaji. Wiki nzima alipima damu za watu, akarudi nyumbani hana hata nguvu ya kuvua viatu. Jumamosi alitoka saa saba mchana, na kwa kuwa alikuwa mtu asiyejua kukaa bure, aliamua kujifunza kuoka.

Lile pengo halikumshtua. Alilitazama kama anavyotazama sampuli iliyoletwa kwenye chupa isiyo na jina, maana katika kazi yake mtu huanza kutafuta kosa lake mwenyewe. Akafungua daftari jipya, akaandika tarehe, unga, siagi, mayai manne, dakika arobaini, na chini kabisa: imetoka pungufu.

"Imeacha nafasi ya kupaki," alisema mumewe, ambaye alifundisha watu udereva na hakuwa na utani wa aina nyingine.

Wakakaa mezani watano, yeye, mumewe, binti yao mkubwa na wale mapacha, wakaila yote. Jikoni, shangazi wa watoto alikuwa anasugua bati.

Huyu shangazi, dada mkubwa wa mume, alikuja miaka tisa iliyopita mapacha walipozaliwa. Alikuja kukaa wiki mbili, mpaka mzazi apate nguvu. Mzazi akapata nguvu, likizo ya uzazi ikaisha, lakini wiki mbili za shangazi hazikuisha. Kwake alikuwa fundi wa nguo mwenye chumba cha kazi na wateja wa kudumu, na cherehani chake alikiacha kwa fundi mwenzake amtunzie. Hapa alilala chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo. Heshima alipewa yote. Watoto walimwamkia kabla hawajanawa uso, mdogo wake hakuwahi kumpandishia sauti, na Mpimaji kila alipotaka nguo zipigwe pasi alianza na "wifi yangu". Kiti tu ndicho kilichokosekana. Meza ilikuja na viti sita, na cha sita kilikuwa cha mabegi ya shule.

Jioni hiyo shangazi alitoka jikoni akikausha mikono.

"Wifi, yule mwenzangu kanipigia simu. Kuna binti anakitaka cherehani changu na nafasi yangu. Wananisubiri mpaka mwisho wa mwezi ujao, basi. Naona safari hii lazima nirudi."

"Tutaongea, wifi yangu," Mpimaji alisema, macho kwenye daftari. "Ngoja kwanza nijue hii keki ina nini."

Jumamosi ya pili alibadilisha unga, na pengo likatoka vile vile. Ya tatu aliazima kwa jirani bati la mraba, na keki ikatoka imekosa kona na kidogo cha ubavu. Ya nne alioka keki ndogo kumi na mbili, kila moja kwenye kikombe chake cha karatasi, akakaa kwenye kigoda mbele ya kioo cha oveni bila kupepesa. Zikapanda zote kumi na mbili. Akageuka mara moja tu kumwambia pacha mmoja aache kumvuta mwenzake nywele, na aliporudisha macho vikombe viwili vilikuwa vitupu, vimekunjika midomo kidogo kwa joto.

Hakuna raha aliyowahi kuipata maabara inayofanana na ile. Hospitalini kila kitu kilikuwa na jibu kwenye kitabu. Hapa alikuwa na swali lake mwenyewe, mayai yake mwenyewe, na wiki nzima ya kulisubiri. Akiwa kazini alichora keki pembezoni mwa karatasi za majibu. Wenzake walianza kusema kwamba amenenepa, naye aliona ni sawa.

Jumamosi ya tano alirudi kwenye bati la duara, akachukua kipimapembe kutoka kwenye mkebe wa hesabu wa binti yake, akakiweka juu ya keki. Pengo lilikuwa nyuzi sitini kamili.

"Sitini kwenye mia tatu na sitini ni moja ya sita," binti alisema. "Na kwenye kumi na mbili, mbili. Ni ile ile, mama."

"Sita ya nini, sasa?"

"Labda ya watu," mumewe alisema. "Inagawa."

Wakajihesabu kwa vidole. Baba, mama, dada, pacha, pacha. Watano. Shangazi alikuwa anapita na beseni la nguo za kuanika.

"Hesabuni tena," alisema, akamkonyeza Mpimaji, akatoka zake uani.

Wakahesabu tena. Watano. Mume alimtazama mkewe tumboni, akasimamisha kidole hewani kama mtu aliyeona taa nyekundu. Jumatatu Mpimaji alijipima mimba mwenyewe, maabara kwake, kwa vipimo vya hospitali. Hasi. Akarudia kwa boksi lingine, hasi. Akayaandika majibu yote mawili kwenye daftari la keki na kulifuta wazo hilo kwa mstari mmoja ulionyooka. Pacha mmoja alisema ni paka. Hawakuwa na paka.

Kitu kimoja Mpimaji alikiona katika wiki hizo ni kwamba wifi yake hakuzungumza tena habari za kuondoka. Alilipokea hilo kama watu wanavyopokea mgonjwa aliyeacha kulalamika.

Kitu kisichoonekana kinakokwenda hutiwa rangi kifuatwe. Hiyo ni kazi aliyoijua. Jumamosi ya sita alitia kwenye unga rangi ya kijani ya chakula, chupa nzima. Keki ikatoka ya kijani, imepungua. Akawatazama wote ulimi, akatazama chini ya sinki, ndani ya friji na nyuma ya oveni. Hakupata kitu. Kesho yake asubuhi alitafuta pasi, na kwa sababu shangazi alikuwa hajatoka bado chumbani, alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi mingi, akagonga mlango wa chumba cha nyuma na kuingia.

Shangazi alikuwa amekaa kitandani, kikombe cha chai mkononi. Juu ya kigoda palikuwa na sahani, na juu ya sahani nusu ya kipande cha keki ya kijani.

"Hii ya jana umetisha, wifi," shangazi alisema. "Nilidhani imeoza. Lakini tamu."

Mpimaji alitazama sahani, akaitazama ile pembe iliyobaki, na hakuhitaji kipimapembe.

"Inakuja kila Jumamosi?"

"Si unajua mwenyewe? Naikuta hapa, ya moto, nimeshaosha vyombo." Shangazi akasogea ampe nafasi ya kukaa. "Acha nikwambie, maana kwa watu wengine sitasema. Ile siku ya kwanza nilipokwambia narudi kwangu, ukaniambia tutaongea, nilikuja humu nikaanza kufunga begi. Nilikasirika. Miaka tisa, nikasema, hawa hata hawanioni. Nageuka, kipande hicho kwenye sahani. Nikakaa chini nikalia. Nikasema, kumbe wifi yangu mdomo wake mzito tu, kuniwekea ananiwekea. Na unavyowazungusha wenzio na lile daftari, nacheka peke yangu."

Akanywa chai. Nje mapacha walikuwa wanagombania baiskeli.

"Ni wewe unayeniwekea, sivyo?" shangazi aliuliza.

Katika miaka kumi na minne ya kazi, Mpimaji hakuwahi kuandika jibu ambalo hakulipata. Aliwahi kuwaambia majibu mabaya watu waliomshika mkono wakimwomba aseme vingine, na hakusema vingine. Aliona aibu, aibu ya kweli, ikampanda mpaka masikioni. Alimwona wifi yake kwa ukaribu, nywele zilizoanza mvi, vidole vya fundi vilivyochubuka kwa sabuni, na begi chini ya kitanda, zipu yake iko wazi. Alitaka kumwambia, funga begi, wifi, nenda, nitakusindikiza mwenyewe. Neno lilikuwa mdomoni. Kisha akaiona Jumatatu, sare tatu za shule, chai, foleni ya wagonjwa saa moja na nusu, na Jumamosi isiyo na mtu wa kusugua bati.

"Ni mimi, wifi," alisema.

"Nilijua." Shangazi akamshika goti, akalitikisa kidogo. "Pasi hiyo hapo. Waya wake umelegea, uushike vizuri."

Mpimaji akapiga pasi mwenyewe asubuhi hiyo, nguo za watu wote, mpaka mumewe akamuuliza kama anaumwa. Mchana shangazi alikaa kwenye ngazi ya uani na simu yake, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi.

"Mpe tu huyo binti," alikuwa anasema. "Ndiyo, na cherehani. Kitie mafuta kwanza, kimekaa sana... Hapana, hawajanizuia. Hapa wananikumbuka, mwenzangu. Hata wakila, changu kinatengwa kwanza."

Mpimaji alisimama pale dirishani mpaka simu ikakatwa. Kisha akafungua daftari, akaandika: chanzo kimejulikana. Alifikiri kidogo, akaongeza kwamba jaribio halihitaji kurudiwa, akaugeuza ukurasa na kuanza orodha ya vitu vya keki ya limau.

Jumamosi ya saba keki ya limau ilitoka na pengo lake. Hakuna aliyelipima. Mabegi yalikuwa kwenye kiti chao, watu watano wakakaa kwenye vyao, na Mpimaji akaigawa iliyobaki sehemu tano sawasawa, haraka kuliko siku zote, kwa kuwa sasa hapakuwa na haja ya kumkumbuka mtu.