Vijiko Viwili vya Mtakatifu Yosefu

Tangu alfajiri Crocifissa hakutulia. Mara afunge dirisha, mara alifungue. Ng'ambo ya ukuta, maharagwe mapana ya jirani yake Agrippina yalikuwa yamechanua, na kitandani mwanawe Gesualdo alilala macho ya manjano kama nta, viganja vimepauka, anahema kama aliyepanda mlima.

"Maua yako hayo!" alimfokea Agrippina juu ya ukuta. "Unajua kabisa damu ya mwanangu haipatani na maharagwe!"

"Eti maua! Miaka saba anapita hapa akipiga mluzi. Leo ndiyo yameota meno?"

Nunzia, mkewe Gesualdo, akatoka na chombo mkononi. "Mama, tazama mkojo huu. Mweusi kama kahawa! Amekula nini?"

"Hajala kitu kibaya," alijibu Crocifissa, akarudi dirishani.

Alijua. Juzi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, padri alibariki sufuria la maharagwe mapana yaliyopondwa, kila nyumba ikapata bakuli. Damu ile isiyopatana nayo Gesualdo aliirithi kwake yeye mama, daktari alikwisha kumwambia zamani. Akaona hakuna baraka inayoua; akachanganya vijiko viwili katika supu ya mwanawe bila kusema, ili mtakatifu amsafishe damu hiyo.

Daktari alipofika alimfunua Gesualdo kope, akamminya tumbo.

"Dalili zote ni za maharagwe. Umeyala?"

"Tangu utoto sijayagusa, daktari. Labda nimeyala kwa macho," alisema Gesualdo, akajaribu kucheka, pumzi ikamkatikia.

"Kama hukuyala, basi nachelea ini. Tupime kwanza, tungoje majibu mpaka kesho."

Mpaka kesho! Crocifissa alimtazama mwanawe shingoni, mshipa unapiga mbio. Rozari ikamteleza mkononi.

"Msingoje," alisema. "Nilimpa mimi. Vijiko viwili, vya kubarikiwa. Nilimfichia kwenye supu."

Agrippina, aliyekuwa amefika mlangoni, akajishika mdomo. Daktari hakumlaumu mtu. Alikwisha kushika simu. "Gari la wagonjwa, upesi. Damu yake inavunjika. Ataongezwa nyingine."

"Mama," alinong'ona Gesualdo, "na mtakatifu wa watu umemtia kesini."

Nunzia hakucheka. Gari lilipokuja alipanda kwanza, akashika mkono wa mumewe, ndipo akamgeukia mkwewe aliyesimama kizingitini, hajui aende au abaki.

"Panda. Huko nako watauliza, na utakayewaambia ni wewe."

Crocifissa akapanda kichwa wazi, bila hata kuchukua mtandio.