Magazeti Yote ya Mzee Shuriye

Asubuhi moja mwaka wa 1981, Mzee Shuriye, mwenye duka mjini Isiolo, aliona picha ya mwanawe gazetini. Dahir, aliyefundisha sheria chuoni Nairobi, alikuwa amemwambia mwandishi kwamba si haki mtu kufungwa bila kesi. Mzee alinunua magazeti yote ya muuzaji ili watu wasiyasome, akayaficha nyuma ya magunia ya sukari.

Mchana ofisa wa usalama akaingia dukani.

"Salaam aleikum, mzee. Nasikia magazeti yote yako kwako. Nipe moja."

Shuriye akampa. Ofisa alisoma akiwa amesimama.

"Huyu ni kijana yako?"

"Ndiyo, ni wangu."

"Mwambie apunguze mdomo," akasema, akaondoka na gazeti.

Mzee alikimbia posta kupiga simu, akiwa amepanga kumkemea Dahir vikali. Simu ililia muda mrefu hadi akaanza kuomba dua. Kisha akasikia, "Haloo?"

"Dahir," mzee akasema. "Umekula?"

"Nimekula, aabo," akasema, akimwita baba kwa Kisomali. "Kuna nini?"

Mzee alishika simu kwa mikono miwili, akamsikiliza mwanawe akipumua.